Gitaa la umeme la kwanza: milioni 1.8, chumba cha kupanga, muda ni usiku tu

Karani_Ntinda:

Habari zenu wakubwa. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nafanya kazi ofisini hapa Kampala, Jumatatu hadi Ijumaa na Jumamosi nusu siku. Gitaa la boksi nalipiga kiasi: kodi (chords) za kawaida, F na B za kubana kwa kidole kizima nazimudu, mapigo ya kadongo kamu (nyimbo za gitaa moja za Uganda) najitahidi. Sasa nataka la umeme kwa ajili ya solo za sebene (ile sehemu ya haraka ya gitaa kwenye muziki wa Kongo) na bluzi kidogo. Si la bendi, ni la kupumzisha akili baada ya kazi.

Bajeti ni shilingi 1,800,000 kwa kila kitu. Nakaa kwenye mizigo (vyumba vya kupanga vya mstari), ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, na nafasi yangu ni saa tatu usiku kwenda mbele. Umeme nao unakatika mara kwa mara.

Nichukue umbo la Stratocaster au Les Paul? Jipya au used? Amplifaya ya wati ngapi? Kuna duka lina seti kamili (gitaa, amplifaya ndogo, kebo, begi) kwa 850,000, inafaa? Tena kuna jamaa anauza amplifaya ya wati 40 iliyotoka Marekani kwa bei ya kutupa.

FundiNyuzi:

Ssebo, kwanza amua sauti itatokea wapi, gitaa lifuate. Kwa hali uliyoeleza, spika yako ni hedifoni. Amplifaya ya wati 40 chumbani mwako hutaifungua kupita namba 1, na wakati huohuo mtoto wa jirani ameshaamka. Kwa chumba kimoja wati 3 hadi 10 zinatosha na kubaki, ilimradi kuna tundu la hedifoni linalokata spika.

Hela igawanye hivi: gitaa 1,000,000 hadi 1,100,000, kifaa cha sauti pamoja na hedifoni za waya 400,000, inayobaki, kama 300,000, ni ya kebo ya mita 3, seti mbili za nyuzi, stendi, mkanda, tyuna na kazi ya fundi. Hilo fungu la mwisho ndilo watu hulila kwanza, halafu wanabaki na gitaa la milioni lenye nyuzi zilizopaa kama kamba za kuanikia nguo.

Kuhusu umbo. Tofauti ambayo mkono wako utaikuta mapema ni urefu wa uzi. Stratocaster, iliyotoka 1954, ina milimita 648 kutoka kile kipande cheupe cha kichwani chenye mifereji ya nyuzi hadi darajani, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini. Les Paul, ya 1952, ina kama 628. Ukifunga nyuzi za unene uleule, kwenye Les Paul zitakuwa laini zaidi kuvuta na nafasi za freti (vile vyuma vilivyolala shingoni) zitakuwa finyu kidogo. Strat imekatwa mwilini pande zote mbili, kwa hiyo kidole kinafika freti ya 17 na kuendelea bila kugombana na mbao, na sebene inaishi huko juu. Les Paul ina kisigino kinene pale shingo inapokutana na mwili, na uzito wake mara nyingi unapita kilo 4.

Kuhusu mlio: pikapu (kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa sauti) ya koili moja inatoa sauti kali na safi, kila nota inasikika peke yake hata ukipiga haraka. Ubaya wake inanasa mvumo wa umeme wa nyumbani. Hambaka, ambayo Seth Lover wa Gibson aliibuni mwaka 1955, ni koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo unaoingia kwenye moja ufutwe na nyingine. Sauti yake ni nene na inapendeza kwenye bluzi yenye mkwaruzo. Wewe unataka vyote viwili, basi tafuta umbo la Strat lenye koili moja mbili na hambaka moja karibu na daraja. Dukani wanaandika HSS. Yamaha Pacifica 112V ni ya aina hiyo, na ukivuta kitufe cha toni juu hambaka inagawanyika inabaki koili moja. Squier Affinity ya HSS, baadhi ya Ibanez GIO na Cort pia ziko humo humo. Kati ya hizo, usichague kwa jina, chagua ile yenye shingo iliyonyooka na freti zisizokwaruza ukipitisha kiganja pembeni.

Epuka daraja la Floyd Rose, lile lenye skrubu za kubana nyuzi kichwani na darajani. Linaelea juu ya springi, na nyuzi na springi zinavutana kwa mizani. Uzi mmoja ukikatika, mizani inavunjika na mitano iliyobaki yote inapanda. Kwa mtu mwenye muda wa usiku tu hiyo ni adhabu. Hata daraja la kawaida la Strat, kama huna haja ya ule mkono wa kutetemesha sauti, lilaze kabisa: fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili kubwa zinazoshika springi nusu mzunguko kwa zamu, ongeza springi ziwe 4 au 5, mpaka daraja likae bapa juu ya mbao hata ukivuta uzi sana. Kutyuni kutakuwa rahisi mara dufu.

Ile seti ya 850,000: iache, isipokuwa wakikuruhusu kulipiga gitaa lenyewe dakika 20. Katika seti nyingi za namna hiyo hela imesambazwa kwenye vitu vitano na hakuna kilichopata fungu la kutosha. Kipande cha kichwani kinakuwa kimechongwa juu mno, vifunguo vinateleza, na amplifaya mara nyingine haina hata tundu la hedifoni.

Ethi_Kwanza:

Nazungumzia umeme tu, gitaa nawaachia wenyewe.

Hiyo amplifaya ya Marekani usiichomeke ukutani. Kwetu ni 240 V, 50 Hz. Marekani ni 120 V, 60 Hz, na Japani ni 100 V. Ukiichomeka, ukiwa na bahati inakata fyuzi. Ukikosa bahati inaungua transfoma ya ndani, na kuipata nyingine ya kulingana nayo ni safari. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema "100–240 V" huna tatizo, badilisha plagi tu. Kikisema "120 V 60 Hz" peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Usiangalie wati za spika. Angalia wati zinazovutwa ukutani zilizoandikwa nyuma, uzidishe mara mbili ndipo ununue transfoma. Amplifaya ya wati 40 za spika inaweza kuvuta 100 na zaidi, kwa hiyo unaongelea transfoma ya wati 250 au 300, nzito, inayonguruma pembeni yako. Tena transfoma iliyosanifiwa kwa 60 Hz peke yake hupata joto zaidi kwenye 50 Hz. Jumlisha bei zote mbili uone kama bado ni bei ya kutupa.

Gitaa lililotoka Marekani au Japani ni habari nyingine, hilo lenyewe halichomekwi popote. Nunua bila wasiwasi.

Sasa ethi (waya wa kupeleka umeme wa hitilafu ardhini), ambayo kwenye nyumba nyingi za kupanga ni mapambo: tundu la tatu lipo kwenye soketi, nyuma yake hakuna waya. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na daraja, daraja na ganda la kebo, ganda na chasisi ya amplifaya, chasisi na pini ya ethi. Yaani mkono wako umeshika ethi ya nyumba wakati wote unapopiga. Kama ethi haipo na kuna hitilafu ndani ya amplifaya, njia ya umeme kwenda ardhini ni wewe.

Jinsi ya kujua. Mvumo mdogo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida. Mwili wako unanasa mawimbi, na ukigusa nyuzi yanapelekwa ethi. Lakini ikiwa mvumo ni mkubwa ukigusa usiguse, au unahisi kumwashwa vidoleni, au midomo inapigwa shoti ndogo ukisogelea maikrofoni huku umeshika gitaa, acha mara moja. Nunua kile kipima soketi chenye taa tatu, au mwite fundi umeme apime na kuchimbia fimbo ya ethi, na mwenye nyumba aambiwe. Usivunje pini ya ethi wala usitumie adapta ya pini mbili "ili kuondoa mvumo". Kanisani ndipo hatari huwa kubwa zaidi: gitaa limechomekwa soketi moja, maikrofoni imechomekwa mikisa upande wa pili wa ukumbi kwenye laini nyingine, na mpigaji anaimba huku ameshika nyuzi.

Kwa sababu hizo zote, kwa chumba chako ningechukua kifaa cha betri. Roland Micro Cube GX (wati 3) na Boss Katana Mini (wati 7) zote zinakula betri 6 za AA. Vox amPlug inachomekwa moja kwa moja kwenye gitaa na inatumia mbili za AAA. Fender Mustang Micro inachajiwa kwa USB, maana yake pawabenki ya simu inatosha umeme ukikatika. Ukitumia betri za kuchaji, hakikisha kitabu cha kifaa kinazikubali, kwa sababu NiMH ina 1.2 V badala ya 1.5.

Kama utatumia adapta ya ukutani, angalia mchoro mdogo wa duara na nukta. Vifaa vingi vya gitaa vya 9 V vinataka hasi katikati. Adapta nyingi za vifaa vingine vya nyumbani zina chanya katikati. Inaingia vizuri, taa haiwaki, na kifaa kimekufa. Umeme ukikatika chomoa. Au weka kile kifaa cha kulinda TV, kinachosubiri volti zitulie kabla ya kuruhusu moto upite.

OwinoUsed:

Fundi amesema mengi, ila swali lako la jipya au used hakuligusa. Kwa milioni moja, used ya ngazi ya juu inashinda jipya ya ngazi ya chini. Gitaa halina kilomita kama gari. Vinavyochakaa ni freti, vifunguo, swichi na jeki, na vyote vinaonekana au vinasikika ukijua pa kutazama.

Ukienda kukagua, nenda mchana, beba kebo yako, kile kifaa chako cha hedifoni kama umeshakinunua, tyuna ya simu, na alenki (ufunguo wa pembe sita) ndogo.

Tazama shingo kwanza. Shika gitaa kwa mwili, kichwa kikiwa mbele, tazama kutoka darajani ukifuata ukingo wa shingo kama fundi seremala anavyotazama ubao. Kupinda kidogo kwenda mbele kunarekebishika. Kupindapinda kama msokoto, upande wa E nene ukienda tofauti na upande wa E nyembamba, usinunue hata kwa nusu bei.

Kisha lityuni, piga kila uzi kwenye kila freti hadi ya mwisho, polepole, bila amplifaya. Unatafuta nota inayokufa au inayoguna. Ikiguna freti moja tu kwenye nyuzi mbili tatu, freti hiyo imeshuka au inayofuata imeinuka. Zikiguna zote kuanzia 1 hadi 5, shingo imenyooka kupita kiasi. Zikiguna za juu tu, daraja limeshushwa mno. Vuta nyuzi za E na B kwenye freti ya 12, 14, 15, uzipandishe nota nzima. Nota ikizimika katikati ya kuvuta, ni freti. Tazama pia chini ya nyuzi nyembamba kwenye freti tatu za mwanzo: mashimo yaliyochimbwa na nyuzi yakiwa ya kina, unalipia kazi ya kusawazisha freti.

Sasa chomeka. Zungusha volumu na toni: mkwaruzo wa kwa-kwa-kwa ni vumbi, unatoka kwa spreyi ya kusafishia vifaa vya elektroniki (si ile ya kulainisha bawaba). Pitisha swichi nafasi zote 5, gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi ya chuma, isikike. Tikisa plagi ndani ya jeki. Ikikatakata, ni nati iliyolegea au lehemu iliyoachia, kazi ya dakika kumi kwa fundi redio, lakini muuzaji usimwambie ni dakika kumi.

Mwisho, fungua kifuniko cha fimbo ya chuma ya shingoni, ingiza alenki, ijaribu robo mzunguko kulegeza na kurudisha. Muuzaji akikataa, au nati imeviringika haishiki ufunguo, au imekazwa mpaka mwisho na shingo bado imepinda, ondoka. Hicho ndicho kitu pekee kwenye gitaa la bei hii ambacho kukitengeneza ni ghali kuliko gitaa.

Na tafadhali, "Gibson" ya laki tisa iliyoandikwa imetengenezwa China si Gibson. Gibson za umeme zinatengenezwa Marekani. Chapa yao ya nje ni Epiphone, nayo ni gitaa zuri tu. Kifuniko cha fimbo ya shingo kwenye Les Paul ya Gibson kina skrubu mbili, na nyingi za bandia zina tatu. Namba ya usajili nayo kwenye nyingi imegandamizwa kwenye mbao.

MamaBesi_Jinja:

Atakayekushauri uagize nje kwa sababu "huko ni dola 300", mwambie akupigie hesabu yote. URA, mamlaka ya mapato, hawaangalii bei ya gitaa peke yake. Wanajumlisha gitaa, usafiri na bima. Juu ya hapo ushuru wa forodha. Halafu VAT ya asilimia 18 inakatwa kwenye jumla hiyo yote pamoja na ushuru, ukiacha tozo nyingine. Sanduku la gitaa ni jepesi lakini ni kubwa, na ndege hutoza kwa ukubwa. Tena likifika na shingo iliyopinda, kulirudisha ni kulipa usafiri mara ya pili.

Karani_Ntinda:

Asanteni sana, nimeachana na amplifaya ya Marekani na seti ya duka.

Nimepata Pacifica 112V used, 950,000. Nimekagua kwa orodha ya OwinoUsed: swichi na pikapu zote hai, freti hazijachimbika, nati ya fimbo inazunguka. Tatizo: nyuzi ziko juu, kama milimita 3 kwenye freti ya 12, na shingo imepinda mbele kidogo kote sawasawa. Nikipiga F kwenye freti ya 1 inasikika imepanda, lakini E ya wazi iko sawa. Mwenyewe anasema amefunga nyuzi za 11 (unene wa uzi mwembamba, inchi 0.011). Ninunue au nitafute lingine?

Swali la pili: kwa hedifoni, nina za bluetooth nzuri na simu ya Android. Kuna adapta za kuchomeka gitaa kwenye simu. Si zinatosha?

FundiNyuzi:

Nunua. Ulichoeleza ni gitaa lenye nyuzi nene kupita lilivyorekebishwa, si bovu. Seti ya 9-42 kwenye urefu wa milimita 648 inavuta shingo kwa jumla ya kama kilo 38. Ya 10-46 inavuta kama 46. Ya 11 inazidi hapo. Mtu akipandisha unene bila kukaza fimbo, shingo inafuata nyuzi, inapinda mbele, na nyuzi zinapaa katikati.

Fuata mpangilio huu, usiuruke, kwa sababu kila hatua inabadilisha inayofuata.

Funga nyuzi mpya kwanza. Kwa mikono iliyoshinda kwenye kibodi na kwa sebene ya haraka, chukua 9-42. Badilisha mmoja mmoja, acha mizunguko miwili mitatu kwenye kifunguo, vuta kila uzi kwa kidole mara kadhaa, tyuni E A D G B E, rudia mpaka usishuke tena.

Sasa shingo. Kwa nyuzi laini inaweza kunyooka yenyewe usiku mmoja, kwa hiyo iache hadi kesho yake. Kisha bana E nene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mwingine. Uzi sasa ni rula. Pima nafasi kati ya uzi na juu ya freti ya 7 au ya 8 kwa filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) ya mafundi magari, soko la Kisekka zimejaa. Unataka 0.20 hadi 0.30 mm. Ikizidi, kaza fimbo kuelekea mshale wa saa unapoitazama nati kwa mbele, robo mzunguko, tyuni tena, pima tena. Ikipungua au uzi unalala kabisa juu ya freti, legeza vivyo hivyo. Usitafute kushusha kimo cha nyuzi kwa fimbo hii. Kazi yake ni mpindo tu, na wanaoigeuza kuwa skrubu ya kimo ndio wanaoivunja.

Kimo kinarekebishwa darajani. Kila uzi una kidaraja chake chenye skrubu mbili ndogo za alenki. Kwenye freti ya 12, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: E nyembamba 1.6 mm, E nene 2.0 mm, zilizo katikati zipande taratibu kufuata mviringo wa ubao. Unaweza kushuka zaidi ya hapo, lakini ukipiga kwa nguvu zitaguna.

Ile F inayopanda ni kipande cheupe cha kichwani. Mfereji wa uzi ukiwa juu, unaubonyeza uzi safari ndefu kufika freti ya 1, na kuubonyeza huko ndiko kunaupandisha sauti. Bana uzi kwenye freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1: inatakiwa ibaki nafasi ya unywele tu, uzi ukigongwa utoe kamlio kadogo. Nafasi ikiwa kubwa, mifereji inahitaji kuchimbwa kwa tupa za unene wa kila uzi. Hapa mpe fundi. Ukichimba kupita kiasi, uzi wa wazi unaguna na dawa ni kipande kipya. Ila ngoja ufunge nyuzi za 9 na kunyoosha shingo kwanza. Sehemu ya tatizo itakuwa imeondoka.

Mwisho ni usahihi wa nota za juu, na kwa mpiga sebene usiupuuze, kwa sababu kosa lake linaonekana hukohuko freti ya 12 kwenda mbele. Piga uzi huku umeugusa tu juu ya freti ya 12 utoe mlio wa kengele, tyuni uwe sawa kabisa. Kisha ubane freti hiyohiyo upige. Nota ya kubana ikiwa juu kuliko ya kengele, rudisha kidaraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kidogo kabla ya kuzungusha skrubu, usije ukaila. Tyuni, linganisha tena. Nyuzi zote sita zinachukua kama nusu saa.

Pikapu: bana nyuzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na pikapu. Za koili moja usizisogeze karibu sana, sumaku zake huvuta uzi wenyewe na nota inayumba.

Rithimu_Gulu:

Kwenye swali la pili: hapana kwa bluetooth. Sauti inachelewa, mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, na mkono unaanza kusubiri sikio. Kwenye muziki hutaona shida, kwenye kupiga utaona ndani ya sekunde mbili. Hedifoni za waya, zinazofunika sikio lote, ndizo.

Simu ya Android na adapta ya bei rahisi nayo ina ucheleweshaji wake, pamoja na mlio wa sauti yako mwenyewe kurudi, kwa sababu waya wa kuingia na wa kutoka umebanana kwenye plagi moja. Kama una kompyuta, kiunganishi cha sauti kama Focusrite Scarlett Solo kinafanya kazi nzuri: weka programu kwenye 48 kHz na bafa (akiba ndogo ya sauti kabla ya kuchezwa) ya sampuli 128, hiyo ni milisekunde 2.7 kwa bafa moja, na kwenda na kurudi kote kukiwa chini ya milisekunde 10 hutaona kitu. Mvumo ukizidi, chomoa chaja ya kompyuta upige kwa betri, na usikae mbele ya skrini. Lakini kama kompyuta ndiyo hiyohiyo uliyoshinda nayo ofisini, chukua kile kifaa cha kuchomeka kwenye gitaa. Mpaka kompyuta iwake na programu ifunguke, robo ya muda wako imekwenda na usingizi umefika.

Kwa sebene anza hivi: mlio safi, bila mkwaruzo, swichi nafasi ya pili kutoka darajani (hambaka na ya katikati pamoja), besi punguza kidogo, treble juu ya nusu, kompresa ndogo ili nota za haraka zilingane, mwangwi mfupi. Koras kidogo ukipenda. Ukiweka mwangwi mwingi utaficha makosa ya mkono wa kulia, na huo ndio mkono unaojifunza.

Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, chini ya uzi pia. Kampala ina unyevu, na jasho likilala juu ya chuma linaleta kutu. Gitaa likae kwenye stendi karibu na kitanda, si ndani ya begi juu ya kabati, utalipiga mara nyingi zaidi.

OwinoUsed:

Nakubaliana na Fundi, lichukue, ila 950,000 usilipe. Mwonyeshe hiyo milimita 3, mwambie nyuzi mpya na kazi ya tupa kichwani ni juu yako, anza na 800,000. Akikataa kushuka chini ya 870,000, omba akuongezee begi na kebo. Na ujaribu tena swichi zote siku ya kulipa, kabla mobile money haijaondoka.